Kalenda ya Shangazi: siku tisa za Julai, kutoka Dar hadi Mikindani

Jumamosi, 6 Julai 2024. Dar es Salaam

Kusi tangu alfajiri. Kipupwe kimekaa kitako: mwenyeji wangu hapa Magomeni, mzaliwa wa Dar, leo kachemsha maji ya kuoga na wala hakuona haya kuniambia. Usiku wa kuamkia leo mwezi umekufa na kuzaliwa upya, kwa hiyo bahari iko kwenye bamvua, inajaa sana na kupwa sana. Saa nne asubuhi pale Feri maji yalikuwa yamekupwa mbali, madau yamelala ubavu kwenye mchanga, na watu wanapita kati yake kwa miguu kana kwamba ni gereji.

Nina mazoea ya kuandika mistari michache kila siku: upepo, maji, siku yenyewe ni ya nini, na lolote lililonikaa kichwani. Nilianza nikiwa mdogo Tanga, kwa kumwiga mjomba wangu nahodha. Yeye hakuwahi kuandika. Alikuwa anatangaza tu kila asubuhi akipiga mswaki uani, "Leo umande umechelewa, matlai litakuja adhuhuri," yaani upepo wa bara na ule wa mashariki, na mimi nanakili nyuma ya daftari la hesabu. Safari hii naandika kwa kirefu kidogo, maana njia yenyewe ndefu.

Ninakwenda Mikindani kwa shangazi yangu. Alinipigia wiki iliyopita, salamu zikachukua dakika nne, halafu ombi likachukua nusu dakika: "Niletee kalenda ya Kiislamu mwanangu, mwaka unaisha, na hii niliyo nayo inaisha nao. Lakini yenye tarehe kubwa. Hizi za huku ni za kuchungulia." Nimeipata Kariakoo, duka la vitabu karibu na msikiti. Muuzaji alianza na 6,000, tukaachana kwenye 4,000. Miaka ile ningeitia kwenye rambo na kusahau habari yake, ila rambo zimepigwa marufuku tangu Juni 2019, basi kaikunja bomba, akaizungushia kurasa mbili za gazeti la michezo na kuibana kwa mpira.

Kalenda yenyewe imeshaamua: kesho Jumapili ndiyo mosi Muharramu 1446. Jioni tulipanda juu ya paa la jirani, watu sita na mtoto mmoja mwenye macho makali kuliko sote. Magharibi kulikuwa kweupe, hakuna wingu la kusingizia. Mwezi hatukuuona.

Jumapili, 7 Julai. Dar bado

Saba Saba. Leo imetimia miaka 70 kamili tangu TANU iundwe, Jumatano ya 7 Julai 1954, mtaani huku huku Dar. Tarehe hii imebebeshwa mizigo mingi kuliko punda wa Lamu. Ilikuwa siku ya chama, ikawa sikukuu ya wakulima, wakulima wakahamishiwa Nane Nane, ikabaki ya maonyesho ya biashara. Novemba 2021 UNESCO nao wakaitwika Kiswahili, na tangu 2022 dunia nzima inatakiwa kukikumbuka leo, lugha ya kwanza ya Afrika kupewa siku yake pale. Nilikwenda viwanjani barabara ya Kilwa. Vumbi, spika, foleni ya watoto wanaotaka kuona trekta. Kwenye banda moja, sitalitaja, palikuwa na bango kubwa la hariri lililosomeka "Heri ya Siku ya Kisawahili". Nilisimama mbele yake muda, nikanunua juisi ya miwa, nikaenda zangu.

Jambo moja nililojifunza leo ni kwamba hakuna aliyeniambia "leo TANU imetimiza sabini" isipokuwa mzee mmoja aliyekuwa anauza saa za mitumba nje ya geti. Aliniambia huku anatia betri.

Wakati wa kurudi, daladala imekwama Temeke, nikachungulia dirishani upande wa jua kuzama: mwezi huo, mwembamba kama mshipi wa kuvulia, na ncha zote mbili zimeelekea juu. Abiria wa mbele aliinua mikono akaomba dua. Kwa hesabu ya macho, basi, mosi ni kesho.

Jumatatu, 8 Julai. Mbagala hadi Ikwiriri

Asubuhi wingu zito, saa tatu limeshapasuka. Mosi ya Mfunguo Nne. Sisi wa pwani miezi ya Kiislamu tunaihesabu tangu kufungua: Idi ya Ramadhani ikishapita ni Mfunguo Mosi, na tunakwenda hivyo mpaka Mfunguo Tisa, ndipo tunarudi kwenye majina, Rajabu, Shaabani, Ramadhani. Kwa hiyo mwaka mpya wa Kiislamu unatukuta tuko wa nne. Haijawahi kumsumbua mtu.

Basi limetoka Rangi Tatu saa mbili kasoro, kwa mujibu wa konda saa moja kamili. Mkuranga korosho, Kibiti machungwa, halafu ardhi inaanza kushuka na kulainika na unajua mto uko mbele. Daraja la Mkapa juu ya Rufiji lina karibu kilomita nzima na lilifunguliwa 2003. Kabla yake kulikuwa na pantoni ya Ndundu. Nilivuka na mama kwa pantoni hiyo nikiwa na miaka kumi na kitu, kwenda harusi ya huyu huyu shangazi, na tulilala foleni usiku mmoja na nusu. Harusi tuliikuta imeisha, biharusi anachambua mchele. Mpaka leo akitaka kunichokoza ananiuliza kama pantoni imefika.

Aprili mwaka huu Rufiji ilifurika vibaya. Ikwiriri nimeoneshwa ukuta wa nyumba wenye mstari wa tope, umenyooka kama uliopigwa kwa rula, unanifika kifuani. Juu ya mstari chokaa nyeupe, chini kahawia. Mwenye nyumba hakuupaka rangi upya. Anasema anangoja kwanza avune.

Chakula cha usiku kambale wa kuchoma, ugali, na pilipili mbichi ambayo bado naisikia ninapoandika.

Jumanne, 9 Julai. Mohoro

Upepo hafifu, joto la bondeni. Huku kusi linafika likiwa limechoka.

Nimeshuka Mohoro kwa makusudi. Hapa ndipo Wajerumani walipomnyonga Kinjikitile Ngwale, 4 Agosti 1905. Watu wengi wanamjua kwa yale maji ya Ngarambe, dawa ya kugeuza risasi kuwa maji. Wachache wanajua kwamba alinyongwa vita vya Maji Maji vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Mwishoni mwa Julai mwaka ule Wamatumbi wa Nandete, kwenye vilima vya kusini-magharibi ya hapa, walikwenda kwenye shamba la pamba la lazima wakaing'oa miche. Siku chache baadaye mganga yuko kitanzini. Vita vikaendelea bila yeye hadi 1907, na kilichoua watu wengi zaidi kilikuwa njaa, baada ya Wajerumani kuchoma maghala na mashamba.

Nilimuuliza mama muuza chai kama kuna mahali pa kuonesha. Akanyoosha kidole upande wa mto, akasema "wazee ndio wanajua", akanimiminia chai nyingine. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nilifungua kalenda ya shangazi pale pale kwenye benchi kuangalia. Saba Saba imepigwa rangi nyekundu. Nane Nane nyekundu. Julai 25 ina herufi ndogo: Siku ya Mashujaa. Agosti 4 ni Jumapili tu, nyeusi kama Jumapili nyingine zote. Songea wana siku yao, Februari 27, walionyongwa kule 1906 hukumbukwa kwa ngoma na hotuba. Huku ulikoanzia moto, mwezi wenyewe ndio huu, na watu wako shambani wanajaribu kuokoa kilichobaki baada ya mafuriko.

Kalenda nikaikunja tena, gazeti, mpira.

Jumatano, 10 Julai. Somanga, Nangurukuru, Kilwa Masoko

Kusi kali kuanzia saa tano. Mawingu ya pamba, yanakwenda mbio kaskazini.

Kwenye haisi nilikaa na mama mwenye mtoto wa miaka mitatu hivi. Nikamuuliza mtoto jina, akaficha uso. Mama akasema, "Anaitwa Hidaya. Usicheke." Sikuelewa mpaka tulipofika Somanga na dereva akapunguza mwendo, tukashuka kwenye barabara ya mchepuko, mawe yanagonga chini ya gari. Mei 3 na 4 mwaka huu kimbunga Hidaya kilipita pwani hii na mvua yake ikaikata barabara hapa. Kusini yote ikawa kisiwa kwa siku kadhaa, mabasi yamepanga mstari pande zote mbili. Hidaya, yaani zawadi. Yule mama alikuwa kwenye mstari huo, upande wa Lindi, na mtoto wake mgongoni, na kila redio ya simu inatangaza jina lake. "Watu walikuwa wananiuliza, na wewe ungekosa jina lingine?"

Nimesikia mara nyingi mwaka huu maneno kwamba kimbunga si kitu cha kwetu, kwamba hiki kimekuja kwa sababu dunia imeharibika. Huenda dunia imeharibika kweli. Lakini Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikavunja majahazi bandarini na kung'oa mikarafuu kisiwa kizima, wakati Pemba ilipona, na tangu hapo Pemba ndiyo yenye karafuu. Aprili 1952 kingine kikaipiga Lindi. Kati ya hivyo viwili miaka themanini, na kati ya cha Lindi na Hidaya sabini na mbili. Ni umri wa mtu mzima. Anayekiona akiwa mtoto anakufa kabla ya kingine, na anayefuata anaapa havijawahi kutokea.

Kile kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60, miaka ile kilikuwa ndoto mbaya ya kila aliyekwenda kusini wakati wa masika. Leo tumekimaliza huku wengine wamelala.

Kilwa Masoko jioni. Gesti ina neti nzuri na feni isiyo na kazi, kwa kipupwe hiki. Nimenunua pweza wa kuchoma gatini, vipande vitano kwenye kijiti, ukwaju juu.

Usiku nilimkumbuka mjomba. Kalenda yake haikuwa ya Kizungu wala ya mwezi. Alikuwa na mwaka wa tatu, wa mabaharia, unaoanza Nairuzi, ile siku ambayo Makunduchi wanaishangilia kila Julai kwa kupigana kwa migomba. Mwaka huo ni siku 365 bila nyongeza. Anazihesabu kwa makumi, kila kumi ni mwongo mmoja, miongo thelathini na sita, na siku tano za kubaki. Kwa kuwa hauna mwaka mrefu, kila baada ya miaka minne unajongea nyuma siku moja kwenye kalenda ya ukutani. Wiki 52 ni siku 364, inabaki moja, kwa hiyo mwaka ukianza Jumatatu unaofuata utaanza Jumanne, na wazee walikuwa wanauita mwaka kwa siku yake. Mjomba angekuambia mwongo gani kusi linatua, mwongo gani jahazi halitoki. Hakuwa na kitabu. Siku moja nilimuuliza anakumbukaje. Akaniuliza na mimi nakumbukaje kwamba jana ilikuwa jana.

Alhamisi, 11 Julai. Kilwa Kisiwani

Maji yamejaa saa moja na nusu asubuhi, nikavuka nayo. Bahari ya kijani kibichi, shwari upande wa ndani. Nahodha ni kijana wa miaka ishirini na tatu, injini ndogo nyuma, tanga limekunjwa "kwa dharura na kwa watalii". Mimi alinikadiria kama nini sikumuuliza.

Mwongozaji anakwenda haraka, nilimwomba apunguze. Msikiti Mkuu ulianza karne ya 11 na ukapanuliwa karne ya 14, ukuta wa matumbawe na chokaa, kuba nyingi na nguzo ambazo ukizigusa asubuhi ni baridi kama mtungi. Sauti ndani inarudi taratibu. Juu kwenye jabali ni Husuni Kubwa, kasri lenye birika la pembe nane, na chini yake bahari inapiga. Sultani wa wakati huo, al-Hasan bin Sulaiman, alikuwa na lakabu ya Abu al-Mawahib, baba wa zawadi, kwa ukarimu wake. Ibn Battuta alifika hapa 1331 na ndiye aliyetuachia habari hiyo. Baba wa zawadi, na juzi tu zawadi nyingine imepita ikivunja madaraja. Mwongozaji wangu hakuona kichekesho. Nyumba ya mama yake iling'oka bati.

Kinachonifurahisha mimi katika habari za Ibn Battuta ni upepo. Aliletwa na kaskazi, na upepo ulipogeuka akapanda jahazi kwenda Dhofar. Hakuna aliyemfukuza wala aliyemwita. Msimu ulikwisha. Dhahabu ya Sofala ilipita hapa kwa ratiba hiyo hiyo kwa mamia ya miaka, na walioipitisha hawakuhitaji tarehe, walihitaji mtu kama mjomba.

Na sarafu. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu za shaba zenye maneno yanayotoa vina: upande mmoja unamtaja Mungu, upande wa pili jina la sultani, na pande zote mbili zinakamilisha ubeti. Mfukoni mwako shairi. Tano kati ya hizo ziliokotwa 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini ya Australia. Nimezitazama mia mbili zetu nilizokuwa nazo mkobani, hakuna hata kina kimoja.

Leo pia ni 11 Julai. Mwaka 1915, tarehe kama ya leo, Waingereza waliimaliza manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyokuwa imejificha kwenye delta ya mto Rufiji, ule niliouvuka kwa daraja Jumanne. Ndiyo iliyoizamisha Pegasus bandarini Unguja Septemba 1914. Meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, ziliingia mtoni, na ndege juu inawaelekeza mizinga idondoke wapi. Wajerumani wakaizamisha wenyewe, kisha wakarudi kuing'oa mizinga yake na kuikokota bara kupigana nayo. Maskini wapagazi. Kila mzinga mmoja nyuma yake ni mamia ya watu wasio na jina kwenye kitabu chochote.

Sasa aibu yangu. Mwongozaji alinihadharisha mapema tuondoke kabla ya saa saba, mimi nikang'ang'ania birika. Tulipofika ufukweni saa nane maji yamekupwa, mashua iko mbali, kusi limeamka. Nikavua viatu, nikajitosa maji ya magotini, mkoba begani. Karibu na mashua kuna shimo. Sikuliona. Wimbi likanipiga kiunoni, mkoba ukashuka, ukanywa maji kama mtu aliyekuwa anasubiri. Nahodha alinivuta kwa mkono, akanipa kitambaa chake, hakusema neno hadi tumefika Masoko. Hapo ndipo akasema, "Dada, bahari haina mgeni."

Gesti niliikunjua kalenda. Kurasa za ndani zimepona, ila ya juu, Muharramu yenyewe, imelowa na gazeti limejichapa juu yake. Habari za usajili wa Yanga, kinyumenyume, zimepita katikati ya Mfunguo Nne kutoka wiki ya pili hadi ya tatu. Nimeitundika kwenye kamba ya neti kwa vibanio vya nywele.

Ijumaa, 12 Julai. Kilwa Kivinje

Jua kali, upepo umetulia. Kivinje ni mji unaobomoka kwa adabu. Milango ya nakshi inakaa peke yake, nyumba nyuma yake zimeondoka, mbuzi wanaingia na kutoka kwa kupitia mlangoni ingawa ukuta hakuna. Katikati ya karne ya 19 hapa ndipo misafara kutoka Nyasa ilipokuwa inaishia, na watu wakauzwa baharini, maelfu kwa maelfu, hadi mkataba wa Juni 1873 ulipofunga biashara hiyo, angalau kwenye karatasi.

Nilipita Mwembe Kinyonga. Jina linatosha. Viongozi wa Maji Maji wa upande huu walinyongwa hapo.

Hotuba ya Ijumaa niliisikia kutoka barazani, spika inakwaruza: hijra, Makka kwenda Madina, mtu anayeondoka usiku akiacha kila kitu. Khatibu alisema leo ni tano Muharramu. Nilihesabu vidoleni. Wako pamoja na mimi na daladala ya Temeke.

Kalenda imekauka, imejikunjakunja kama papadi.

Jumamosi, 13 Julai. Lindi

Mchoo. Mvua ndogo ya dakika kumi saa tisa alasiri, halafu jua, halafu tena. Nguo za watu zinaingizwa ndani na kutolewa nje siku nzima.

Ghuba ya Lindi ni nzuri kuliko inavyosifiwa, na siku ya safari ndefu nina machache. Ila hili: kati ya 1909 na 1913 mifupa ya dinosari kutoka kilima cha Tendaguru ililetwa bandarini hapa vichwani mwa watu, siku kadhaa za kutembea kila safari, zaidi ya tani 200 kwa jumla. Mmoja amesimamishwa Berlin, mita 13.27 kwenda juu. Msimamizi wa machimbo alikuwa Boheti bin Amrani. Kwenye kilima chenyewe hakuna mfupa wa kumwonesha mtoto. Na hesabu miaka: 1905 hadi 1907 watu wa nchi hii wanakufa njaa, 1909 wanaajiriwa kubeba mifupa.

Nusu mwezi usiku, maji mafu. Bahari haijai sana, haitoki sana.

Jumapili, 14 Julai. Mikindani

Kusi laini. Ghuba ya Mikindani ni duara, mdomo mdogo, na maji ndani yake leo hayana hata mkunjo. David Livingstone alishuka hapa Machi 1866 akianza safari ambayo hakurudi. Waliotoka naye walikuwamo Susi na Chuma, na hao ndio waliokuwa kwenye msafara ulioifikisha maiti yake Bagamoyo Februari 1874. Kuna nyumba mjini inayoitwa kwa jina lake. Ya Susi sijaiona.

Shangazi alikuwa kakaa kwenye mkeka, anachagua choroko. Kapungua. Sikusema.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Pantoni imefika?"

Tulicheka, tukalia kidogo, tukanywa chai na vitumbua. Halafu nikamtolea kalenda nikaanza maelezo, wimbi, shimo, gazeti. Hakusikiliza. Aliitandaza juu ya mkeka, akaweka kinu kwenye kona moja, Msahafu haukuwekwa, akaweka sahani tatu kwenye kona nyingine, akavaa miwani. Akazipapasa zile tarehe kubwa. Zile herufi za kinyumenyume alizitazama kwa muda.

"Huyu ni nani?"

"Mchezaji, shangazi. Wa Yanga."

"Mwache."

Kidole chake kikarudi juu. "Hawa wameandika mosi Jumapili. Wewe mwezi uliuona lini?"

"Jumapili jioni. Niko Temeke kwenye daladala. Jumamosi tuliutafuta, haukuonekana."

"Na huku hivyo hivyo." Akaniagiza peni ya bluu kwenye mkebe wa sindano. Akaanza na mraba wa Jumatatu, akaikata mbili, akaandika moja, kwa mwandiko wake wa shule ya madrasa unaolala upande. Jumanne, tatu ikawa mbili. Karatasi ilikuwa imekakamaa na chumvi, peni ikawa inaruka, anarudia. Nikamuuliza kama atasahihisha mwaka mzima.

"Mwaka mzima nitaujuaje? Mfunguo Tano tutauona ukiandama." Akafika leo, akakata nane, akaandika saba. Akaendelea mpaka tisa na kumi, Jumanne na Jumatano, akazizungushia duara. Moja ya duara ilipita juu ya jina la mchezaji.

"Basi funga ya Ashura ni Jumanne na Jumatano," akasema, anavua miwani. "Wangenifungisha siku siyo. Kesho usiku nitakuamsha ule daku."